Uchambuzi wa Kisa: R8 Iliyopoa Ilipofika Nairobi

Kisa hiki kimeandikwa kwa anayefikiria kununua supakaa, yaani gari la kasi ya kupindukia, lililotoka kwa kampuni ambayo mkate wake wa kila siku ni magari ya mameneja na ya familia, kama Audi R8 inayosimuliwa hapa. Jina la mnunuzi, mtaa anakoishi, gereji zilizohusika na bei aliyolipa vimeondolewa. Tarehe zimegeuzwa kuwa miezi, na mwezi wa kwanza ni ule alioamua kununua. Vipimo vya gari vimeachwa jinsi vilivyo, maana humo ndimo mna somo.

## Usuli

Mnunuzi ni mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi jijini Nairobi, mtu wa miaka arobaini na kitu. Kwa miaka minne alikuwa akiendesha Audi Q7 ya dizeli ya lita 3.0. Januari moja, akiwa Dubai kwa shughuli zake, alikodi Audi R8 V10, yenye injini ya silinda kumi, kwa alasiri moja tu. Alirudi nyumbani na neno moja kwa mshauri aliyemwendea: "Nataka ile. Si inayofanana nayo. Ile."

Ubishi kuhusu magari ya aina hii ni wa zamani. Wapo wanaoshikilia kwamba anayeishi kwa kutengeneza magari ya ofisini hawezi kutengeneza gari la kuchemsha damu. Atalilainisha tu mpaka liwe gari la ofisini lenye umbo la chini. Wanaowapinga nao hawakosi ushahidi. BMW ilitoa M1 mwaka 1978. Honda ikatoa NSX mwaka 1990. Lexus ikaunda LFA 500 tu kati ya 2010 na 2012, na injini yake ya V10 ilipanda mizunguko kwa wepesi hata ikabidi dashibodi iwekwe skrini, kwa kuwa mshale wa kawaida usingeweza kuifuata. R8 yenyewe ilianza kama gari la maonyesho mwaka 2003, na jina lake ni la gari la mbio lililoshinda mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa, mara tano kati ya 2000 na 2005. Kizazi cha pili kilitoka 2015, na uzalishaji ukakoma 2024. V10 yake ya lita 5.2 ni ndugu wa damu wa ile iliyo kwenye Lamborghini Huracán, kwa sababu Lamborghini imo mikononi mwa Audi tangu 1998.

Kwa hiyo kwenye karatasi hakukuwa na shaka. Nguvu farasi 540, mizunguko hadi 8,700 kwa dakika, sekunde 3.5 kutoka kusimama hadi kilomita 100 kwa saa, na hakuna turbo, kile kinu cha kusukuma hewa ndani ya injini. Hilo la turbo likumbukwe. Ndilo litakalorudi kumuuma.

## Ununuzi na safari (mwezi wa 1 hadi wa 5)

Sheria ya Kenya ya magari yaliyotumika ndiyo iliyochagua umri wa gari: usukani uwe kulia, na usajili wa kwanza usizidi miaka minane. Kwa kuwa ilikuwa 2024, mwisho ulikuwa gari la 2017. R8 nyingi duniani zina usukani kushoto, kwa hiyo msako ukaishia Uingereza, kwenye gari la 2017 lenye breki za chuma za kawaida, shokamzoba zinazojirekebisha kwa sumaku, na rimu za inchi 20.

Ushuru ulihesabiwa mapema, na ni vizuri kuonyesha jinsi unavyopandana. Mamlaka ya Mapato haichukui bei uliyomlipa muuzaji. Inachukua bei iliyo kwenye orodha yake ya gari likiwa jipya, kisha inapunguza kulingana na umri. Ukishapata thamani hiyo ya forodha, chukulia ni shilingi 100. Ushuru wa forodha wa asilimia 35 unaifikisha 135. Ushuru wa bidhaa kwa injini kubwa ya petroli ni asilimia 35 ya hiyo 135, si ya 100, nawe unafika 182.25. Juu yake VAT ya asilimia 16, unafika 211 na senti kidogo. Ongeza ada ya tamko la uagizaji na ile ya reli. Kwa viwango vya wakati huo, serikali ilichukua zaidi ya thamani ya gari lenyewe.

Mshauri alikataa gari lisafirishwe kwenye meli ambayo magari huendeshwa kuingia na kutoka. Kila daraja la meli ni mteremko, na kila mteremko una dereva mpya asiyejua pua ya gari inaanzia wapi. Wakachukua kontena la futi 20. Ndani lina urefu wa karibu mita 5.9 na upana wa mita 2.35, R8 ina urefu wa mita 4.43 na upana wa mita 1.94 bila vioo vya pembeni. Urefu si tatizo. Upana ndio unaoacha sentimita 20 kila upande, na mlango wa R8 haufunguki kwenye nafasi hiyo. Gari likiendeshwa hadi ndani, dereva atatoka kwa dirisha. Hili lilivutwa kwa kamba ya winchi, vioo vikiwa vimekunjwa, mtu mmoja akishika usukani kupitia dirishani. Mombasa lilitolewa kwa namna hiyohiyo, likapanda lori hadi Nairobi. Mbao mbili ndefu ziliwekwa mwisho wa daraja la lori ili kupunguza mwinamo. Bampa ya mbele haikupata hata mkwaruzo.

## Msisimko wa wengine, ubaridi wa mwenyewe (mwezi wa 6)

Wiki ya kwanza jiji lilimpa alichotaka. Kwenye foleni ya Waiyaki Way, boda boda zilimzunguka pande zote, simu zimeinuliwa. Wachuuzi wa njugu waliacha biashara. Mlinzi wa jengo la ofisi yake alimfungulia lango kabla hajapiga honi, akapiga saluti na kumwambia, "Karibu mkubwa. Hii Lambo ni moto!" Mnunuzi akamsahihisha: ni Audi. Kufikia mwisho wa wiki alikuwa amesahihisha watu kumi na zaidi, wengine wakimwangalia kana kwamba anajishusha bure.

Wiki ya tatu alimpigia mshauri simu. Lawama zake zilikuwa nne, na zimenukuliwa hapa kwa mpangilio alioutoa:

Gari halivuti kama lile la Dubai. Akikanyaga mafuta kidogo kwenye mzunguko wa magari (raundabauti), Q7 ya dizeli inaruka haraka kuliko hii. Ndani, skrini na swichi zinamkumbusha Q7, "kama niko kazini". Na barabarani linagonga kila shimo kama toroli.

Gereji ya kwanza aliyoipelekea ilimwambia dawa ni mbili: kubadilisha programu ya kompyuta ya injini na kutoa vichujio vya ekzosi. Walitaka malipo ya nusu siku hiyohiyo. Kabla hajalipa, mshauri aliomba siku mbili, gari likaenda kwa fundi mwingine apime kwanza.

## Uchunguzi

Fundi wa pili alianza na kompyuta ya gari. Hitilafu zilizohifadhiwa zilikuwa za betri kushuka tu, si za injini. Gari lilikuwa limekaa siku tisa bila kuwashwa, na magari haya yana mifumo mingi inayoendelea kunywa umeme kidogokidogo yakiwa yamezimwa. Mgandamizo wa silinda zote 10 ulikuwa karibu sawa. Plagi zilikuwa safi. Kizazi cha pili cha V10 hii kina sindano mbili za mafuta, moja ndani ya silinda na nyingine kwenye njia ya hewa. Ile ya pili huosha vali za kuingizia, kwa hiyo masizi yaliyozisumbua injini za kizazi cha kwanza hayakutarajiwa, wala hayakuonekana.

Kisha akafungua ukurasa wa vipimo vya moja kwa moja na kumwonyesha mnunuzi tarakimu moja: shinikizo la hewa ya nje, milibari 830 na ushei. Usawa wa bahari ni takriban 1,013.

"Bosi, gari haina shida," alimwambia. "Shida ni Nairobi."

Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Injini isiyo na turbo huvuta hewa kwa mdomo wake wenyewe, kama mtu anayepumua. Hewa ikiwa nyembamba, inameza oksijeni kidogo kila mzunguko, na kompyuta inapunguza mafuta ili mchanganyiko ubaki sawa. Kwa kukadiria, hupotea asilimia moja ya nguvu kila mita 100. Nguvu farasi 540 za Ujerumani zinabaki takriban 450 hapa. Farasi 90 wameachwa Mombasa. Dubai iko pembeni mwa bahari, na Januari hewa yake ni baridi na nzito. Pale mnunuzi alionja injini ikiwa katika siku yake bora.

Q7 yake haikumwonyesha hasara hiyo kwa sababu turbo ni kinu cha kusukuma hewa, nacho kikikuta hewa nyembamba huzunguka kwa kasi zaidi kufidia. Kuna jambo la pili kubwa zaidi, ambalo lingemsumbua hata Mombasa. Q7 ile ina newtoni-mita 600 za nguvu ya kusokota kati ya mizunguko 1,500 na 3,000, yaani palepale mguu wa dereva wa Nairobi unapoishi. R8 ina newtoni-mita 540, lakini zinafika kwenye mizunguko 6,500. Kwenye mzunguko wa magari, dizeli iko kileleni na V10 bado inapiga miayo.

Lawama ya tatu, ile ya "kama niko kazini", ilidharauliwa na fundi. Haikustahili kudharauliwa. Gari lilikuwa limeachwa kwenye hali ya kuendeshea ya starehe tangu Uingereza. Katika hali hiyo giaboksi hukimbilia gia ya juu mapema iwezekanavyo, na mzigo ukiwa mdogo V10 huzima silinda tano ili kubana mafuta. Nairobi Expressway ina kikomo cha kilomita 80 kwa saa. Ukienda 80 kwa gia ya saba, injini iko kwenye mizunguko kama 2,000, na nusu yake imelala. Kwa gia ya pili, kasi ni ileile 80, lakini injini iko juu ya mizunguko 6,000, silinda zote kumi zinafanya kazi, na sauti inakuingia kwenye mbavu kabla haijafika sikioni. Kasi ni moja mbele ya sheria. Magari ni mawili.

Mwisho, matairi. Ubavuni mwa kila tairi kuna umbo la yai lenye tarakimu nne: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Zote nne zilisoma 1417, wiki ya 14 ya mwaka 2017. Zilikuwa na kina cha kashata, yaani mifereji ya tairi, cha milimita tano, ndiyo maana ripoti ya ukaguzi wa Uingereza ilizipitisha. Lakini mpira ulikuwa umekauka; ukucha ukikandamizwa haukuacha alama. Tairi ya miaka saba hugonga, hupiga kelele na hushika lami nusu nusu. Na kwa kuwa R8 hii inasukuma magurudumu yote manne, kompyuta ilikuwa ikibana nguvu kila tairi lilipoteleza, bila dereva kujua.

## Maamuzi na sababu zake

Programu ya injini haikuguswa. Kwenye injini ya turbo, kubadilisha programu huongeza shinikizo, nawe unapata nguvu kweli. Kwenye injini inayopumua yenyewe hakuna shinikizo la kuongeza. Kinachobaki ni kusogeza wakati wa cheche na kuinua mstari mwekundu, yaani kikomo cha mizunguko, faida ndogo kwa hatari kubwa. Kutoa vichujio vya ekzosi kungeleta kelele bila nguvu ya maana. Mnunuzi alisononeka, maana alikuwa ameshajiandaa kwa dawa ya kutumia pesa.

Rimu za inchi 20 zilitolewa, zikawekwa za inchi 19 za kiwanda. Hapa hesabu ndiyo iliyoshinda ubishi wa urembo. Tairi ya mbele ya inchi 20 ni 245/30: ubavu wake ni asilimia 30 ya milimita 245, yaani 73.5. Ya inchi 19 ni 245/35: ubavu milimita 85.75. Ni milimita 12 za mpira kati ya rimu na shimo la Nairobi, na kipenyo cha jumla hakibadiliki sana. Nyuma, kutoka 305/30 hadi 295/35, ubavu hupanda kutoka 91.5 hadi 103. Matairi yote manne yalinunuliwa mapya, ya aina moja, kwa wakati mmoja. Kuchanganya tairi zilizoisha na mpya kwenye gari linalosukuma magurudumu yote manne ni kutafuta ugomvi na giaboksi.

Hali ya kuendeshea iliwekwa ile ya mtu kujichagulia: injini na giaboksi kwenye ukali, shokamzoba kwenye starehe. Watu wengi hubonyeza ukali wa kila kitu, kisha wanalalamika mgongo. Barabara za hapa zinataka injini kali na miguu laini.

Mafuta yalichukua dakika chache tu. Kibandiko kwenye kifuniko cha tangi kinataka oktani 98, na super ya kawaida haifiki hapo. Ila mwinuko uleule ulioiba nguvu hupunguza pia shinikizo ndani ya silinda, na pamoja nalo hatari ya mafuta kuwaka kabla ya wakati. Wakakubaliana ajaze mafuta ya daraja la juu yanayopatikana, na asiliteremshe gari Mombasa kwa super ya kawaida kisha akalikanyaga kwenye joto na hewa nzito.

Njia ya kwenda kazini ilikaguliwa tuta kwa tuta, kazi ambayo ingepaswa kufanywa mwezi wa kwanza. Kipimo ni rahisi na kinafaa kwa gari lolote la chini. Pima nafasi iliyo chini ya tumbo la gari. Hili lilikuwa na milimita 110. Toa 20 kwa ajili ya springi kubonyea, unabaki na 90. Kata vigingi viwili vya mbao vya urefu huo. Chukua ubao ulionyooka wenye urefu sawa na umbali kati ya ekseli mbili, kwa R8 mita 2.65. Weka kigingi kimoja kila upande wa tuta, lalisha ubao juu yake. Tuta likigusa ubao, litagusa tumbo la gari. Kati ya matuta 14 ya njia ile, matatu yaligusa, yote yakiwa matuta yaliyomwagwa na wakazi wenyewe, membamba na marefu kwenda juu. Kwa yale yaliyobaki, shida ilikuwa pua, siyo tumbo, na dawa ya pua ni kuvuka kwa mshazari, gurudumu moja baada ya lingine, bila kugusa breki ukiwa juu ya tuta, kwa sababu breki huinamisha pua. Gari hili halina mfumo wa kuinua pua.

Betri ilifungiwa chaja ndogo ya kutunza, inayobaki imechomekwa gari likiwa limeegeshwa. Meneja wa jengo aliomba barua kuhusu soketi hiyo ya umeme, na barua ikachukua muda mrefu kuliko matairi kufika nchini.

Uamuzi wa mwisho ulikuwa kutafuta mahali. Gia ya pili ikizungushwa hadi mstari mwekundu inafika karibu kilomita 110 kwa saa, ambacho ndicho kikomo cha juu kabisa cha gari dogo kwenye barabara kuu za Kenya. Maana yake ni kwamba kati ya gia saba za gari hili, sheria inakuruhusu kuzimaliza mbili. Zilizobaki zinataka uwanja. Kikundi cha wamiliki watano kilikodi barabara ya lami ndani ya eneo binafsi la viwanda nje ya jiji, mita 900 zilizonyooka, ikafungwa Jumapili moja kwa mwezi, ambulensi ikiwepo na barua ya bima mkononi. Bima kamili za kawaida hazilipi ajali ya mashindano, kwa hiyo kila mmoja alipata maandishi kwamba haya ni mafunzo na si mbio. Aliyeshindwa kupata maandishi hayo hakuendesha.

## Matokeo

Mwezi wa 9, kwenye lami ile, gari lilifika 100 kwa sekunde nne na kitu, badala ya 3.5 za kitabu. Mnunuzi alitoka ndani mikono ikitetemeka, akakaa kwenye ukingo wa barabara kimya kama dakika tano. Akasema jambo moja: "Ni ile." Farasi 90 walikuwa bado wamekosekana. Hakuwataja tena.

Kwenda kazini nalo kulikufa kufikia mwezi wa 11. Q7 ilirudi kazini. R8 ikawa gari la Jumapili alfajiri na la siku ile moja ya mwezi, takriban kilomita 200 kwa mwezi. Kwa matumizi hayo, gharama ya bima kwa kila kilomita ilizidi ya mafuta mara nyingi, jambo ambalo hakuna aliyelihesabu mwanzoni.

Kitu kimoja kiliharibika: mwezi wa 13 rimu ya kushoto mbele ilipinda kwenye shimo lililofunikwa na maji ya mvua. Tairi haikupasuka. Rimu ilinyooshwa, ikapimwa nyufa kwa rangi ya kupenya, ikarudishwa.

Mlinzi bado anaiita Lambo.

## Uchambuzi

Kilichofaa zaidi ni zile siku mbili za kusubiri kati ya gereji ya kwanza na ya pili. Malalamiko ya "haivuti" yana sababu nyingi, na hapa zilikuwa tatu kwa pamoja: mwinuko, matairi na hali ya kuendeshea. Kama programu ingebadilishwa kwanza, kisha matairi, mnunuzi angesifu programu kwa kazi ya matairi. Mpangilio wa fundi wa pili unafaa kuigwa: hitilafu zilizohifadhiwa, mgandamizo, plagi, shinikizo la hewa ya nje, matairi, kisha mipangilio ya dereva. Ukipeleka gari kwenye mashine ya kupimia nguvu, uliza kwanza kama matokeo yanasahihishwa hadi usawa wa bahari. Mashine nyingi hufanya hivyo zenyewe, na zitakuchapishia karatasi inayokupa nguvu ambazo huna.

Kilichoshindikana kilianza mapema, siku ya Dubai. Mnunuzi alionja gari kwenye hewa nzito, barabara pana na bila tuta, kisha akalinunulia mahali pasipo na hata kimoja kati ya hivyo. Mshauri naye ana sehemu yake: alikagua gari kwa ustadi na hakukagua njia wala matairi. Ripoti ya ukaguzi kabla ya kusafirisha inaangalia usalama na umri wa gari. Haiulizi kama mpira una uhai.

Sasa lile swali la ubishi. Je, gari la kampuni ya mameneja linaweza kusisimua kweli? Kisa hiki kinasema linaweza, ila limejificha kwa makusudi. Audi imefanya kazi yake vizuri mno: chini ya mizunguko 4,000, R8 ni gari tulivu, linazima nusu ya injini kukubania mafuta, linabadilisha gia bila wewe kujua. Tabia hizo ndizo zilizoliwezesha kuishi Nairobi bila giaboksi kuungua kwenye foleni, na ndizo zilizomfanya mwenyewe ajihisi yuko kazini. Huracán yenye injini hiyohiyo hupiga kelele tangu unapowasha, haisubiri uitafute. R8 inakutaka uifuate juu, kwenye theluthi ya mwisho ya mizunguko, na kwa mtu anayeishi kwenye foleni huko juu ni mbali. Anayetaka kusisimka kila asubuhi kwa kasi ya kilomita 40 atapata zaidi kwenye gari dogo lenye turbo na bei ya robo. Wengi hawapendi kusikia hivyo, hasa wakiwa wameshalipa ushuru.

Msisimko wa watazamaji ni jambo tofauti kabisa, na usichanganywe na wa dereva. Jiji lilisisimka tangu siku ya kwanza, kwa umbo na kwa jina la Lambo lisilo la gari hili. Anayenunua ili atazamwe hahitaji kusoma chochote kuhusu mizunguko wala mwinuko, na R8 haitamvunja moyo, mradi asichoke kusahihisha watu.

Kwa anayefuata njia hii, mahali pa kujaribia pabadilike. Johannesburg iko karibu mita 1,750 juu ya usawa wa bahari, usukani ni kulia kama hapa, R8 iliuzwa huko rasmi kwa miaka mingi, na uwanja wa Kyalami uko kati yake na Pretoria. Saa moja pale, kwa gari la kukodi kwenye hali ya ukali na tena kwenye hali ya starehe, shinikizo la hewa likisomwa kwenye kifaa cha bei ndogo kinachochomekwa chini ya dashibodi, ingemwonyesha mnunuzi huyu kwa nauli ya ndege kile alichokuja kugundua mwezi wa 6 akiwa ameshalipa kila kitu.